Masters ya saikolojia tiba: kinachokubana si mtihani, ni mdomo wako

Mkuu mleta mada, umesema umechaguliwa masters ya saikolojia tiba, unatoka kwenye ualimu, na unataka kujua darasani kuna sheria gani na wahadhiri wanategemea nini kwako. Wadau hapo juu wamekujibu habari za ada. Mimi nilisomea Dar, nimemaliza miaka michache iliyopita, ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Ya maksi niyapitie haraka. Kwetu kufaulu kulianzia B. Ile C uliyokuwa ukishukuru Mungu digrii ya kwanza, huku ni sapu. Mahudhurio yanasainiwa, kazi ikichelewa inakatwa maksi, ukichota maandishi ya mtu programu inakunasa, na marejeo ni mtindo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, lile la 2019. Mwenzetu mmoja alirudishiwa kazi mara tatu kwa sababu ya mabano na nukta tu. Mwongozo wa kozi unaogawiwa wiki ya kwanza usome hadi ukurasa wa mwisho, maana siku ukilalamika ndio utakaofunuliwa mbele yako.

Kudesa nako usahau. Tulikuwa kumi na mmoja, tumekaa duara, hakuna pa kujificha. Digrii ya kwanza nilikariri kwamba katika utafiti wa Milgram, ule ambao watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme wakidhani ni za kweli, asilimia 65 walibonyeza swichi hadi volti 450, nikapata maksi zangu. Huku mama mmoja mhadhiri akaniuliza: "Hao watu waliambiwa nini kabla ya kuanza? Aliyetaka kutoka alijibiwaje? Wewe ungekaa kwenye kamati ya maadili, ungeupitisha?" Nikabaki naangalia feni. Kuanzia hapo nikajua makala haisomwi kwa kutafuta matokeo. Unasoma jinsi walivyowapata watu wao, waliwapimaje, na nani aliachwa nje.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe, siri. Hii ilinitoa jasho.

Semista ya pili tulianza mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ijumaa tunakutana kujadili kesi. Zamu yangu nikasimama kifua mbele: jina sijataja, nimeandika "Bi. X". Lakini nikasema anafanya biashara gani, soko gani, ana watoto pacha, na mumewe alifariki kwa ajali ya bodaboda mwaka jana. Sijamaliza, dada mmoja darasani akanyanyua mkono, akasema kwa upole, "Samahani, naomba nitoke nje. Nadhani huyu ni jirani yetu." Chumba kizima kimya. Msimamizi akafunga daftari langu kwa mkono wake.

Hakunifokea. Aliniita ofisini, akaniambia nichukue karatasi na kukata kila kitu ambacho kikiondoka kesi bado inaeleweka. Soko likaondoka. Pacha wakawa "watoto". Ajali ikawa "kifo cha ghafla". Kilichobaki ndicho nilichotakiwa kusema tangu mwanzo. Kisha akanipa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili. Kwa hiyo usidhani kuficha jina ndiyo kutunza siri. Mji huu mkubwa lakini watu wanajuana. Na maelezo ya mteja hayaandikwi kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wala hayabandikwi kwenye programu za akili bandia ili zikusaidie kuandika ripoti. Wapo waliojaribu.

Jambo jingine watakalokubana nalo ni lugha. Tunasoma kwa Kiingereza, mteja anaongea Kiswahili, ripoti inarudi Kiingereza. Mteja wangu wa kwanza alisema, "Daktari, nina mawazo." Kwanza mimi si daktari, na sheria ni kumsahihisha hapohapo: jitambulishe kuwa mwanafunzi, unasimamiwa na fulani, na ana haki ya kukataa kuhudumiwa na wewe. Nilinyamaza kwa sababu hilo jina la "daktari" lilinipendeza. Pili, nikaandika kwamba anafikiri sana. Msimamizi akauliza, "Mawazo gani? Madeni? Huzuni? Au anawaza kufa?" Sikuwa nimeuliza. Tukarudi wote wawili.

Tukampa dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3. Swali la 9 linahusu kuwaza kwamba heri ufe, au kujidhuru. Kwetu amri ilikuwa moja: akijibu chochote zaidi ya sifuri, hata jumla ikiwa ndogo, mwanafunzi hamruhusu kuondoka kabla msimamizi hajaarifiwa. Hapo hakuna "nitamwambia Jumatatu".

Tena, kuna sheria inayokulinda wewe, na wengi hawaijui. Kwenye mazoezi ya darasani mnaigiza mshauri na mteja, na utasikia "leta jambo la kweli". Kuwa mwangalifu. Kanuni za maadili za APA, ambazo vyuo vingi vinazifundisha, zinasema mwanafunzi halazimishwi kueleza mambo yake ya ndani, kama vile kunyanyaswa, matibabu aliyopata au mahusiano yake, isipokuwa chuo kilishasema wazi wakati wa udahili au kuna wasiwasi wa kweli kwamba hali yake inaathiri kazi. Na mhadhiri anayekupa maksi hatakiwi kuwa mtoa tiba wako. Mimi nilikuwa naleta ugomvi wangu na fundi wa gari. Unatosha kabisa kwa mazoezi, na una hasira ya kweli ndani yake.

Kuhusu kufanya kazi huku unasoma: mwaka wa kwanza utajikongoja, fieldi ikianza hutaweza. Omba ruhusa ya masomo mapema.

La mwisho ni ukoo. Wakishasikia unasoma saikolojia, nusu watakuuliza kama unasoma akili zao, nusu wataleta kesi. Huruhusiwi kumtibu ndugu, hata ukifuzu. Shemeji yangu alikuja usiku, akakaa sebuleni saa nzima anazungumzia mpira, ndipo akasema halali tangu afukuzwe kazi. Nilitamani nitoe dodoso. Nikamwambia, "Shem, mimi kwako ni ndugu, siwezi kuwa mshauri wako, ila kesho asubuhi tunakwenda wote." Tulipanda daladala saa kumi na mbili. Nilimfikisha mapokezi, nikakaa benchi la nje na gazeti lake hadi alipotoka.