Barua kwa mwanangu: mama mkwe ameacha kukohoa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mama mkwe wako sasa anaweza kurudia maji na chai, maana tangu apate kiharusi alikuwa akipaliwa kila akinywa, na wiki hii hakohoi tena. Usimrudishie bado. Huenda ameanza kupona, lakini pia kiharusi hutia koo ganzi: maji yanaingia njia ya hewa naye hana habari. Msikilize akishameza. Sauti ikiwa ya majimaji, pumzi zikienda mbio, au homa ikija na kuondoka, mpeleke upesi.

Kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, ambaye pia hupima kumeza, ataambiwa akohoe. Asiishie hapo, kwani kikohozi cha kuambiwa kinaweza kuwa na nguvu na kile cha kujitetea kisiwepo. Hicho hupimwa kwa kuvuta mvuke wa asidi ya sitriki. Kipimo cha kunywa mililita 90 za maji bila kupumzika usimfanyie nyumbani. Kupaliwa kusiko na kikohozi huthibitishwa kwa eksirei ya video au kamera nyembamba ya puani.

Kwa sasa mpe vinywaji kwa uzito ule ule alioandikiwa. Pima kwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, ambalo kutoka sifuri hadi 10 lina urefu wa milimita 61.5. Lijaze, achia kinywaji kitiririke sekunde 10, kisha ziba ncha. Zikibaki mililita 1 hadi 4 ni daraja la kwanza la uzito, 4 hadi 8 la pili, zaidi ya 8 la tatu. Uji upime ukiwa na joto lile lile la kunywewa, kwa kuwa ukipoa huzidi kuwa mzito. Kijiko chenye mate kisirudi kikombeni: mate huvunja wanga, na uji unakuwa maji mbele ya macho yako.

Akae wima, abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Kinywa kisafishwe kila baada ya mlo, meno ya bandia yakitolewa. Uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni ndio unaoleta nimonia. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza usimfundishe kabla ya kipimo, wapo ambao huwadhuru.

Mazoezi ya kupuliza kifaa chenye ukinzani, mara 5 kwa mizunguko 5, siku 5 kwa wiki, hutia kikohozi nguvu, ila presha yake itulie kwanza. Siku ya kwenda beba dawa zake zote. Za usingizi hufifisha kikohozi, na enalaprili, dawa ya presha, huleta kikohozi kikavu. Kama kuna iliyobadilishwa wiki hii, mtaalamu aijue.

Mama yako