Fort Jesus: kwa nini chokaa, si saruji?

SWALI: Nitapeleka wanafunzi 40 Mombasa kutoka Jinja. Mmoja ameuliza kwa nini kuta za Fort Jesus hazikarabatiwi kwa saruji. Je, tunaweza kutembea kutoka ngomeni hadi kwenye mnara wa taa?
Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwanafunzi huyo ameuliza jambo la msingi. Wareno waliijenga ngome hiyo mwaka 1593 hadi 1596 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yana vitundu vingi, hunyonya unyevu na chumvi ya bahari. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta hukauka. Saruji huzuia unyevu huo kutoka. Chumvi basi huganda ndani ya jiwe, fuwele zake hutanuka, na uso wa jiwe hubanduka vipande vipande huku kiraka cha saruji kikibaki kizima. Waonyeshe sehemu zilizolika, wataelewa mara moja.

Kutembea inawezekana: ni kama kilomita 2 hadi Ras Serani, penye mnara huo wa taa na bustani ya Mama Ngina na mibuyu yake mikubwa. Anzeni ngomeni asubuhi, kwani juu ya kuta hakuna kivuli. Mnarani nendeni saa 10 jioni. Meli za bandari ya Kilindini hupita karibu sana na ufuo. Watoto wasishuke kwenye miamba, hasa siku za bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), maji hujaa upesi na mawe huteleza.

Mpakani, kila mmoja awe na hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.