Kundi la Mtandaoni Linapotaka Kuwa Darasa

Kwa miaka miwili nilikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la wanawake wajasiriamali nikiamini kwamba najifunza, kumbe nilikuwa nasoma matangazo. Kila asubuhi nilikuta jumbe zaidi ya mia: picha za bidhaa, maneno ya kutiana moyo na viungo vya kozi ambavyo sidhani kama kuna aliyevifungua. Mara ya kwanza kujifunza kitu ni pale mwenzetu mmoja, mshonaji wa mikoba, alipopiga picha ukurasa wa daftari lake la hesabu na kuuliza kwa nini wateja hawakatiki lakini yeye habakiwi na kitu mkononi.

Ukurasa ule ulikuwa na safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula. Kushoto aliandika kitambaa, zipu, uzi na umeme. Kulia aliandika bei ya kuuzia. Watu wanane walimjibu upesi, wote wakamshauri apandishe bei au ajitangaze zaidi. Wa tisa hakushauri chochote, ila aliuliza: "Dada, mkoba mmoja unakuchukua saa ngapi, na kama ungempa mtu akushonee ungemlipa kiasi gani?" Kikapita kimya, kisha jibu likaja: saa nne, na malipo hayo hajawahi kuyaingiza kwenye hesabu. Usiku ule nami nilifungua daftari langu nikakuta kosa ni lile lile. Muda wote niliokuwa nikijiita mfanyabiashara, nilikuwa kibarua wa bure wa biashara yangu mwenyewe.

Baadaye niligundua kwamba tulichokifanya kina historia. Reg Revans, Mwingereza aliyesomea fizikia kabla ya kuingia katika masuala ya elimu, alipofanya kazi katika bodi ya taifa ya makaa ya mawe ya Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliwahimiza mameneja wa migodi wakutane katika vikundi vidogo, kila mmoja alete tatizo la mgodi wake, na wenzake wamsaidie kwa maswali badala ya kumngoja mtaalamu. Naye Malcolm Knowles wa Marekani, aliyeandika sana kuhusu elimu ya watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, na hushika zaidi kile anachohitaji kukitumia sasa. Ndiyo maana somo la masoko la saa mbili, hata likiwa zuri kiasi gani, halimwingii mtu ambaye leo hii anadaiwa na msambazaji.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuligawa kundi. Tangu 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kubeba watu 1,024, na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayeanika daftari lake mbele ya umati huo. Undeni duara la watu watano au sita, mkutane mara moja kwa wiki, kila wiki iwe zamu ya mmoja, na dakika 15 za mwanzo ziwe za maswali matupu. Sehemu hii ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu tumezoea kuvika ushauri nguo za swali: "Je, hujafikiria kufungua ukurasa wa Instagram?" si swali.

Sisi tuliteleza kwenye usiri. Mwanachama mmoja alipiga picha ya skrini ya bei alizokuwa akinunulia mwenzake, ikamfikia mshindani, na aliyeumia akaondoka bila kuaga. Kuweka ujumbe ujifute wenyewe hakuzuii mtu kuupiga picha. Tangu hapo hatuwaweki katika duara moja watu wawili wanaogombea wateja wale wale, na jina la msambazaji hufunikwa kabla ya picha kutumwa. Michango ya fedha yenye ahadi ya faida kwa kuleta watu wapya hatuijadili kabisa. Anayeileta hutolewa siku hiyo hiyo.

Jambo jingine nililochelewa kuliona ni kwamba si kila mwenzetu husoma kwa wepesi, wala si kila mmoja ana bando la kutazama video. Mmoja wetu alikuwa akinyamaza wiki baada ya wiki nami nikamdhania mvivu, mpaka aliponieleza faraghani kwamba jumbe ndefu humshinda. Siku hizi kila uamuzi huandikwa kwa mistari mitatu na kurekodiwa kwa sauti isiyozidi dakika mbili, na yeye ndiye anayeuliza maswali makali kuliko sote.

Wenzako wanaweza pia kukosea wote kwa pamoja, hasa katika kodi na mikataba. Hapo tunamwalika mhasibu au mwanasheria, tukiwa tumeshaandika swali moja mahususi.

Kila kikao hufunguliwa kwa swali moja: ulisema utafanya nini, na umekifanya? Ushauri wa wale wanane haukuwa wa uongo, ila ulikosa kipimo. Mshonaji wetu alipojua thamani ya saa zake nne ndipo alipojua apandishe bei kwa kiasi gani. Wiki ya tatu aliripoti kwamba amepoteza wateja wawili wa jumla, na kwamba daftari lake sasa lina safu ya tatu, ambayo juu yake ameandika "Mimi".