Kifurushi Kinapogoma Kusakinishwa: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Mifumo ya Wavuti

Kila mwaka tunapokea vijana wawili au watatu wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yetu ndogo hapa Mwanga, mjini Kigoma, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Hawakwami kwenye kuandika msimbo, kwa maana wengi wao huandika vizuri. Hukwama siku wanapokabidhiwa mradi ulioanzishwa na mtu mwingine, wakaandika amri ya npm install (npm ni chombo cha kupakua na kusakinisha maktaba za JavaScript), na skrini ikajaa maandishi mekundu. Hapo hufuta folda ya node_modules, ambamo maktaba hizo hukaa, hufuta na package-lock.json, faili linalorekodi matoleo yaliyosakinishwa, husakinisha upya, na ikishindikana hurudia tena. Nimemwona kijana akimaliza bando la wiki nzima kabla ya saa sita mchana kwa njia hiyo, na kosa likabaki pale pale.

Katika maelezo haya, nikisema vifurushi nina maana ya maktaba za msimbo ambazo mradi huzipakua kutoka kwenye rejista ya npm. Data ya intaneti nitaiita bando, kama tunavyoiita mtaani, ili maneno hayo mawili yasichanganyike.

Ninachomwomba mgeni ni kwamba asifute wala asisakinishe chochote kabla hajasoma ujumbe wa kosa na kujibu maswali mawili: ni kifurushi gani kinacholalamika, na ni nani aliyekileta ndani ya mradi. Ujumbe huo unatisha kwa urefu wake, lakini sehemu kubwa ni marudio, na mistari yenye habari haizidi minne au mitano.

Nitatoa mfano wa kosa lililotokea mezani kwetu. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kurekodi mauzo ya dagaa na mawese kwa kikundi cha wafanyabiashara wa Kibirizi, na mradi ulitumia React, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti, toleo la 18. Kijana mmoja alitaka jedwali zuri la kuonyesha mauzo ya siku, akafuata somo la zamani alilolipata mtandaoni, akaandika npm install @material-ui/core. Npm ikakataa kwa kosa linaloitwa ERESOLVE. Chini ya jina hilo kulikuwa na mstari uliosema kwamba ndani ya mradi imekutwa react@18.2.0, na mistari michache baadaye kulikuwa na mwingine uliosema kwamba @material-ui/core@4.12.4 inahitaji peer react "^16.8.0 || ^17.0.0". Habari yote imo katika mistari hiyo miwili. Neno peer lina maana kwamba kifurushi hakiji na React yake mwenyewe, bali kinataka kuikuta tayari ndani ya mradi, na iwe ya toleo kinalolifahamu. Alama ya kofia (^) iliyo mbele ya 16.8.0 ina maana ya toleo lolote kuanzia hilo bila kufika 17.0.0, na ile iliyo mbele ya 17.0.0 inaishia kabla ya 18.0.0. Mradi una 18, kifurushi kinakubali 16 au 17 tu, na npm haina namna ya kuwaridhisha wote wawili.

Inafaa mgeni ajue kwa nini masomo mengi ya zamani yanaonyesha amri hiyo hiyo ikipita bila tatizo. Kuanzia npm toleo la 3 hadi kabla ya toleo la 7, lililotoka Oktoba 2020, mgongano wa namna hii ulitolewa kama onyo tu na usakinishaji ukaendelea. Tangu toleo hilo, npm husakinisha vifurushi vya peer yenyewe na husimama inapokuta mgongano. Kwa hiyo mwandishi wa somo hakukudanganya. Aliandika katika wakati ambao chombo kilikuwa kinanyamaza.

Kijana wetu aliona chini ya ujumbe huo kwamba npm yenyewe inataja --force na --legacy-peer-deps, akachagua la pili, na usakinishaji ukapita. "Dada, imekubali," aliniambia kwa furaha, nami nikiwa na kazi nyingine sikumwuliza imekubalije. Jioni tulipopeleka mradi kwenye seva, amri ya npm ci, inayosakinisha kwa kufuata package-lock.json, ilikataa kwa kosa lile lile la ERESOLVE. Sababu ni kwamba chaguo hilo aliliandika kwenye terminali ya kompyuta yake tu. Halikuandikwa popote ndani ya mradi, na seva haikuwa na njia ya kujua kwamba kuna mgongano tuliokubaliana kuufumbia macho. Tulirudisha package.json (faili linaloorodhesha vifurushi ambavyo mradi unavitaka) na package-lock.json kama zilivyokuwa kwa git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, kisha tukamwambia aandike npm view @material-ui/core, amri inayotumia data kidogo sana ukilinganisha na kusakinisha upya, asome maelezo ya kifurushi. Akagundua kwamba maktaba hiyo ilibadilisha jina kuanzia toleo la 5, lililotoka Septemba 2021, na sasa inaitwa @mui/material. Alipoisakinisha pamoja na @emotion/react na @emotion/styled ambazo inazitegemea, hakuhitaji kulazimisha kitu.

Sisemi kwamba kulazimisha ni haramu. Upo wakati ambapo umekijaribu kifurushi, umeona kinafanya kazi na toleo jipya, na mwenye nacho hajasasisha tu maelezo yake. Hapo andika legacy-peer-deps=true ndani ya .npmrc, faili la mipangilio ya npm la mradi, au bora zaidi tumia sehemu ya overrides katika package.json ili kulazimisha kifurushi kimoja tu badala ya kunyamazisha migongano yote, kisha mweleze atakayekuja baada yako kwa nini umefanya hivyo. Kinachoniumiza ni ule ulazimishaji wa kimyakimya, unaomwachia mwenzako kosa lisilo na historia.

Amri mbili zinastahili kukaririwa. Ya kwanza ni npm ls ikifuatiwa na jina la kifurushi, inayoonyesha kifurushi hicho kimo mara ngapi na kwa matoleo gani. Ya pili ni npm explain, inayoonyesha ukoo wake wote, yaani nani amekileta na nani amemleta huyo aliyekileta. Kifurushi kinacholalamika mara nyingi hukukiandika wewe. Kimekuja kwa mgongo wa kingine, na dawa ni kusasisha yule aliyekibeba. Ukikuta React mbili za matoleo tofauti ndani ya mradi mmoja, usishangae kivinjari kikikupa kosa la "Invalid hook call", ambalo wengi hulitafuta ndani ya msimbo wao kwa siku nzima na wasilione, kwa sababu halimo humo.

Sasa nizungumzie package-lock.json, ambayo nitaiita faili la kufuli. Faili la package.json linasema unachokubali. Faili la kufuli linasema ulichopata, toleo kwa toleo, pamoja na vitegemezi vya vitegemezi, yaani vifurushi vinavyohitajiwa na vifurushi vingine. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililifuta ili kuondoa kosa dogo, nikasakinisha upya usiku kwa intaneti ya simu, na kosa likaondoka kweli. Asubuhi mchoro wa mauzo haukuonekana, tarehe zilikuwa zimebadilika mpangilio, na sikuwa na njia ya kujua ni kipi kilichobadilika, kwa sababu makumi ya vifurushi vilikuwa vimesogea mbele kwa pamoja, kila kimoja ndani ya mipaka ambayo kofia ilikiruhusu. Ilinichukua siku mbili kurudi nilipokuwa. Tangu hapo faili la kufuli linaingia kwenye git siku ile ile linapobadilika, na kwenye seva hatutumii npm install bali npm ci, ambayo hufuta node_modules, hufuata faili la kufuli bila kuongeza wala kupunguza, na hukataa kazi ikikuta faili hilo halilingani na package.json.

Kuhusu kofia kuna jambo moja linalowapita wengi. Kwa kifurushi kilichofika 1.2.3, kofia inaruhusu kila kitu hadi kabla ya 2.0.0, lakini kwa kifurushi ambacho bado kina sifuri mwanzoni, kama 0.2.3, inaishia kabla ya 0.3.0. Kwa vifurushi hivyo namba ya katikati ndiyo hubeba mabadiliko makubwa, kwa hiyo usipandishe kutoka 0.2 kwenda 0.3 ukidhani ni hatua ndogo.

Si kila kosa linalojitokeza wakati wa kusakinisha ni la utegemezi, na hapa kwetu hili lina uzito wake. Ukiona ETIMEDOUT au ECONNRESET, tatizo ni mtandao, na kubadilisha matoleo hakutakusaidia; subiri, au badilisha laini. Ukiona EINTEGRITY, maana yake alama ya uhakiki ya kifurushi kilichopakuliwa hailingani na ile iliyoandikwa kwenye faili la kufuli. Anza na npm cache verify. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, unaweza kukuta node_modules imejaa nusu na programu inasema "Cannot find module" kwa kifurushi ambacho unajua kimo kwenye orodha. Hapo ndipo kufuta node_modules kunapofaa, node_modules peke yake, faili la kufuli libaki. Na usipakue kila kitu upya: npm huhifadhi vifurushi ilivyokwisha kupakua kwenye akiba yake ndani ya kompyuta, kwa hiyo amri ya npm ci --prefer-offline itachukua humo kwanza na kwenda mtandaoni kwa vilivyopungua tu.

Kisha kuna makosa yanayotokana na toleo la Node yenyewe, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Mradi wa zamani unaotumia webpack 4, chombo cha kufungasha msimbo, ukiuendesha kwenye Node 17 au zaidi unaweza kukutolea ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED, kwa sababu Node 17 ilihamia OpenSSL 3, toleo jipya la maktaba ya usimbaji fiche. Mradi wenye node-sass, kifurushi cha kugeuza mitindo ya Sass kuwa CSS, utakuletea kurasa za malalamiko kuhusu gyp (chombo cha kujengea vifurushi) na Python, na nimewaona vijana wakienda kusakinisha Python wakati tiba ni kuhamia kifurushi cha sass, kwa kuwa node-sass imekwisha kuachwa na waliokuwa wakiitunza. Andika toleo la Node la mradi ndani ya .nvmrc, faili linalosomwa na nvm, chombo cha kubadilisha matoleo ya Node, tangu siku ya kwanza.

Kwa wanaotumia PHP, ambao chombo chao cha vifurushi ni Composer, mantiki ni ile ile: composer.lock ndiyo kufuli yao, composer install hulifuata faili hilo, composer update hulibadilisha na haina kazi kwenye seva, na composer why-not ikifuatiwa na jina la kifurushi na toleo hukueleza nani anayezuia toleo hilo kuingia.

Ukishindwa, omba msaada, lakini uombe vizuri. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imekatwa juu na chini, haimsaidii mtu, kwa sababu mistari yenye habari mara nyingi ndiyo iliyokatwa. Nakili ujumbe wote kama maandishi, ongeza majibu ya node -v na npm -v, taja amri uliyoiandika, na useme mradi ulifanya kazi mara ya mwisho lini na nini kimebadilika tangu hapo. Mara nyingi kijana anayeandika hayo yote hupata jibu kabla hajatuma.

Mwisho, mkifanya kazi wawili kwenye mradi mmoja, siku moja git itawaambia kwamba package-lock.json ina mgongano. Msijaribu kuchagua mstari kwa mstari ndani ya faili lenye maelfu ya mistari. Tatueni kwanza mgongano ulio kwenye package.json, kwa mkono na kwa makubaliano, kisha andikeni npm install. Npm itausoma mgongano wa faili la kufuli na kulipanga upya yenyewe, nanyi mtaendesha majaribio kabla ya kulihifadhi kwenye git.