Kupanda Volkano kwa Baiskeli: Lijue Umbo la Mlima Kabla Hujaanza Kunyonga

Mtu akiniambia anakwenda kupanda mlima wa volkano kwa baiskeli, simuulizi kilele kiko mita ngapi. Namuuliza mlima wenyewe una umbo gani. Urefu utakueleza utachoka kiasi gani. Umbo litakueleza utachokea wapi. Hilo la pili ndilo linaloamua kama utafika juu ukinyonga au ukisukuma.

Milima mingi imechongwa na mito na barafu, na barabara zake hufuata mabonde: unapanda, unapumua kidogo, unavuka daraja, unapanda tena. Volkano changa haina mabonde ya aina hiyo. Imejirundika yenyewe kutoka katikati, na barabara inapita mgongoni mwake peupe. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ikiwa nyepesi hutiririka mbali kabla ya kuganda, kwa hiyo huacha mlima mpana wenye mwinuko wa taratibu usiokoma. Haleakalā, kule Hawaii, ndiyo mfano wake: barabara inatoka usawa wa bahari hadi mita 3,055, mwendo wa karibu kilomita 58, wastani wa asilimia 5 na kitu. Hakuna kipande cha kutisha pale. Kinachokumaliza ni kukosa kipande cha kupumzikia.

Lava nzito inayokwama karibu na tundu, ikirundikana na majivu na mawe, hujenga mlima wa umbo la pia: chini umelala, juu umesimama. Huo ndio unaowaumiza wageni. Kilomita za mwanzo zinakubembeleza, miguu bado mibichi, unajiona bingwa. Mlima unazidi kusimama kadiri nguvu zako zinavyopungua. Kwa mlima wa namna hii ushauri wangu ni mmoja: theluthi ya kwanza iendeshe polepole kiasi cha kuona aibu. Wakikupita, waache wapite.

Halafu angalia ni barabara ipi. Fuji, Japani, ni mlima mmoja, lakini Subaru Line inapanda kwa wastani wa asilimia 5 hivi kwa kilomita 24, ilhali Azami Line, upande wa pili, ina kilomita 11 na kitu kwa wastani wa asilimia 10, na kuna mahali inafika 22. Jina la mlima peke yake halikwambii lolote. Fungua mchoro wa mwinuko wa njia utakayopita, na macho yako yaende kwenye robo ya mwisho kabla ya kuangalia wastani. Wastani ni mwongo mkubwa, hasa njia ikiwa na mteremko katikati.

Mteremko wa katikati ndio fumbo la kaldera, yaani mlima uliobomoka juu ukabaki na shimo pana. Teide, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, uko hivyo. Unapanda kutoka baharini, unavuka ukingo juu ya mita 2,000, kisha barabara inatambaa ndani ya kaldera ikipanda na kushuka. Timu za kulipwa huweka kambi huko kwa sababu ya hewa nyembamba. Wengi wakifika ukingoni hupumua na kujihesabu wamemaliza. Kumbe kila mita unayoteremka ndani utailipa ukirudi kwa njia ile ile. Baki na chakula na maji ya kutokea.

Kuna pia maeneo yenye vilima vidogo vingi vya changarawe nyekundu na nyeusi, na barabara inapenya katikati yake. Kwenye ramani panaonekana tambarare. Usidanganyike: ni panda-shuka za mita mia mbili mia tatu, na kila moja inakutaka ukurupuke kwenye kiti. Zinachosha kuliko mpando mmoja mrefu, kwa sababu hupati mdundo.

Tuje kwenye gia, maana hapa ubishi ni mwingi. Wapo wanaoona gia nyepesi ni za wanyonge. Hesabu ni hii. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85 pamoja, kwenda kilomita 9 kwa saa kunadai zaidi ya wati 220. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa mtu wa kawaida. Ukiwa na meno 34 kwenye sproketi (gurudumu la meno) ya mbele na 34 kwenye ya nyuma, kasi hiyo unaipata kwa mizunguko 70 hivi ya pedali kwa dakika, na magoti yanakushukuru. Ukiwa na meno 28 nyuma, unashuka hadi mizunguko 58. Kwa dakika tano hutaona tofauti. Kwa saa mbili, mapaja yatakuwa yameshika moto na mgongo wa chini unauma, kwa sababu umekuwa ukiivuta baiskeli kwa usukani. Funga sproketi kubwa ya nyuma kuliko unayodhani unaihitaji. Aibu ya gia nyepesi huisha kwenye kona ya kwanza.

Upepo nao una tabia zake hapa. Mlima uliosimama peke yake hauna jirani wa kuukinga. Upepo hugonga upande mmoja, hugawanyika, na hupita kwa kasi zaidi ubavuni. Barabara ikizunguka mlima, utapigwa usoni, kisha ubavuni, kisha utasukumwa, kisha usoni tena. Puy de Dôme, Ufaransa, ndivyo ilivyo: barabara inajiviringisha kwenye kilima na kilomita nne za mwisho zina mwinuko wa karibu asilimia 12. Ndipo waendesha baiskeli Wafaransa Anquetil na Poulidor walipogusana mabega mwaka 1964 kwenye Tour de France, na mashindano hayo yalirudi pale mwaka 2023 baada ya miaka 35. Ukiwa na mwenzako, pokezaneni mbele kwa kufuata mzunguko wa mlima. Anayeongoza akiwa upande wa upepo, muda wake uwe mfupi.

Maji ni jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mvua inaweza kunyesha sana kwenye volkano na bado usikutane na kijito hata kimoja, kwa sababu mwamba wa volkano changa umejaa vitundu na nyufa; maji yanazama na kutokeza chini kabisa kwenye chemchemi. Chupa mbili kubwa ndicho kiwango cha chini, na ujaze kila unapopata nafasi hata kama bado zimefika nusu. Mimi hukadiria nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na zaidi njia inapokatiza kwenye uwanja wa lava nyeusi. Mwamba ule hunyonya jua tangu asubuhi, na mchana joto linakupiga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja.

Juu hali inageuka. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo palipo na nyuzi 28 ufukweni, mita 2,300 juu panaweza kuwa na 13, na hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu robo. Katikati mara nyingi kuna mkanda wa mawingu. Ukipanda unaupita ukiwa na joto la mwili, unaona ni burudani. Ukishuka unaupita umelowa jasho, hunyongi, uko kilomita 50 kwa saa. Koti jepesi la upepo na glavu za vidole vizima vikae mfuko wa nyuma hata kama chini kuna jua kali. Vidole vilivyoganda havibani breki.

Na breki ndizo zitakazokutoa jasho la pili. Mteremko wa volkano hauna vipande vya tambarare vya kuzipoza. Anayeogopa hubana kidogo kidogo muda wote, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuzichemsha. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, acha upepo upoze, kisha bana tena. Kama breki zako hubana ringi, joto hupanda hadi kwenye tyubu na tairi linaweza kupasuka. Kwa breki za diski dalili ni harufu ya kuungua na mkono wa breki unaozama kuliko kawaida. Ukiona hivyo simama, ngoja dakika kumi. Usimwagie diski maji, inaweza kupinda, na kwa hali yoyote usiiguse.

Ardhi yenyewe pia inakula tairi. Mara moja niligeuza tairi la nyuma lililokuwa likipoteza upepo polepole, nikalikuta na mkato usiozidi urefu wa punje ya mchele. Ndani yake, ncha ya kisu ikatoa kigae cheusi kinachong'aa, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga pembeni. Lava iliyopoa ghafla huwa kioo. Tangu hapo nasimama baada ya kila kipande chenye changarawe kuyapitishia matairi kiganja chenye glavu, na hubeba kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mkato kwa ndani, kwa sababu kiraka cha tyubu peke yake hakizuii tyubu kuchungulia nje. Tairi la upana wa milimita 28 au 32 lisilo na upepo mwingi kupita kiasi linasamehe mengi. La 23 nawaachia wenye pancha za kuzoea.

Kwenye kona, tazama upande wa ndani. Mvua huteremsha changarawe kutoka kwenye kuta za barabara na kuirundika hapo hapo unapotaka kulaza baiskeli. Majivu ni mabaya zaidi, kwa sababu yakiwa makavu yanafanana na vumbi tu, na yakilowa kidogo yanateleza vibaya. Kwenye miji iliyo chini ya Etna, volkano ya Sicily, Italia, majivu yakidondoka, mamlaka hupiga marufuku vyombo vya magurudumu mawili kwa muda na kuyapunguzia magari mwendo hadi kilomita 30 kwa saa. Wanajua wanachofanya. Kama mlima uko hai, soma taarifa za mamlaka asubuhi ile ile, na ukisikia kifua kinabana kwa harufu ya kiberiti, geuza; mwenye pumu asingoje hata kifua kibane.

Ukirudi, usikimbilie ndoo. Majivu yana chembe ngumu zenye kingo, na kwenye mnyororo wenye mafuta yanasaga meno kama msasa. Yapanguse makavu kwanza kwa brashi laini, hasa kwenye mnyororo, sproketi na vigurudumu vya kibadili gia. Ndipo uoshe, ukaushe na kupaka mafuta mapya. Pedi za breki zitoe uzitazame: vichembe vinavyong'aa vilivyojipachika humo vitachora diski safari ijayo. Ving'oe kwa ncha ya sindano.