Githeri ikichelewa, darasa hupungua

SWALI: Tangu tuanze kupika githeri (mahindi na maharagwe pamoja) shuleni, asubuhi watoto wanajaa, lakini mchana Gredi ya 1 na 2 hubaki nusu. Tunakosea wapi?
Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, angalia saa sufuria inapoepuliwa. Ikipita saa saba, wadogo huenda kwao na hawarudi. Roweka mahindi na maharagwe tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huchelewesha maharagwe kulainika. Ya mvua ni bora. Magadi yataharakisha, ila yanaharibu vitamini B1. Kwa watoto 200 pima kilo 30 za mahindi na 8 za maharagwe, yaani gramu 150 na 40 kwa kila mmoja. Wapakulie wadogo kwanza. Na rejista iitwe tena saa nane. Ya asubuhi pekee inawadanganya.