Jibu: Providence Canyon na familia, shukeni bondeni msiishie ukingoni

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuendesha gari kutoka Atlanta mpaka Providence Canyon, hifadhi ya makorongo kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, Marekani, ukiwa na watoto wawili na mama mkwe, au picha za mtandaoni zinatiwa chumvi. Nimeshafika kiangazi na majira ya baridi, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Kwanza futa Grand Canyon kichwani. Wenyeji huiita "Little Grand Canyon", na hilo jina ndilo linalowafanya watu warudi wakinung'unika. Grand Canyon imechongwa na mto Colorado kwa mamilioni ya miaka. Hii imechongwa na jembe. Sitanii. Walowezi walipoingia pembe ile ya kusini-magharibi mwa Georgia miaka ya 1820, walifyeka misitu wakalima pamba kwenye miteremko bila matuta wala kinga yoyote. Udongo mwekundu wa juu ulikuwa umeshikamana kiasi, ila chini yake ni mchanga laini mtupu. Mvua ilipopenya hapo, basi tena. Kufikia 1850 mifereji ilikuwa na kina cha futi tatu hadi tano. Leo pana sehemu zinafika futi 150, yaani kama mita 45. Hata kanisa la Providence, lililopa mahali hapa jina, lilihamishiwa ng'ambo ya barabara mwaka 1859 maana korongo lilikuwa linalifuata. Aliyepita Kondoa, Tanzania, na kuona makorongo yaliyoifanya serikali ianzishe mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mifugo ikaondolewa 1979, hatahitaji maelezo zaidi.

Sasa kosa la wageni wengi: wanasimama kwenye uzio wa juu, wanapiga picha, wanageuza gari. Ukutani kwa juu unaona rangi tu. Shuka. Njia inateremka msituni kwa kukata kona, dakika chache tu mko chini, kisha mnaingia kwenye makorongo yenye namba. La 4 na la 5 ndiyo yangu. Mengine mkichoka yaacheni bila majuto. Ukisogea karibu na ukuta unaona tabaka moja moja: juu kabisa wekundu wa kutu, chini yake chungwa, njano, waridi inayoelekea zambarau, halafu nyeupe kama unga. Kwenye kitako cha ukuta pana vichuguu vya mchanga mbichi ulioporomoka, na ukinyamaza kidogo utasikia punje zinaendelea kushuka. Huko juu misonobari imening'iniza mizizi hewani. Ndiyo maana nasema watoto wasichimbe wala kupanda kuta, na mtu asivuke uzio wa ukingoni kutafuta picha. Ule ukingo unaokanyaga huenda chini yake hamna kitu. Kupanda kuta kumekatazwa pia.

Sakafu ya korongo ni maji. Si mto, ni utando mwembamba unaotembea juu ya mchanga na tope, kwa sababu mmomonyoko umeshafikia mahali maji ya ardhini yanapotokea. Siku hizi korongo linatanuka zaidi kuliko linavyozama. Kwako wewe maana yake ni moja: viatu vyeupe viache nyumbani, na chukua soksi za akiba kwa watoto. Tope lile jekundu likishaingia kwenye kitambaa halitoki. Mvua ikiwa imenyesha usiku, subirini siku nyingine.

Mama mkwe asiwatie wasiwasi. Sehemu za kutazamia za juu ziko karibu na maegesho, panafikika bila jasho. Ninyi mkiweza, zungukeni njia yote yenye alama nyeupe, maili 2.5 hivi. Inatoka bondeni, inapanda msituni (mpando huo ndio pekee wa kuhemesha), halafu inafuata ukingo. Humo njiani mtakuta magari ya zamani ya miaka ya 1950 yameota miti, yaliachwa na familia iliyokuwa ikiishi hapo. Hifadhi iliona kuyavuta kungeharibu zaidi kuliko kuyaacha. Watoto wangu waliyapenda kuliko korongo lenyewe, sina la kufanya. Ile njia ndefu ya alama nyekundu, maili 7, ni ya wenye mahema, na haina mandhari ya kuta kiasi hicho.

Mwezi? Julai na Agosti joto na unyevunyevu ni balaa, lakini ndipo inapochanua azalea nyekundu-chungwa ambayo porini inapatikana tu kwenye kipande kidogo cha mpaka wa Georgia na Alabama. Ukitaka kutembea kwa raha nenda Novemba, fika asubuhi kabla maegesho hayajajaa. Maegesho yanalipiwa, na maji ya kunywa bebeni yenu.